Azimio la Juni 1963: Shirikisho Lililotiwa Saini Nairobi, na Nairobi Yenyewe Ikawa Kikwazo

Matatu ikishavuka Uhuru Highway na kuanza kupanda kuelekea Ngong Road, makanga hupiga bodi kofi na kuita, "Community! Community!" Wanaoshuka ni makarani, mawakili, na watu waliobeba bahasha za kaki. Waulize vijana ni jumuiya gani hiyo iliyoiachia steji jina lake, watakukodolea macho. Wazee wa jiji ndio husema ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyokuwa na ofisi zake sehemu hizo kabla haijafa mwaka 1977.

Kisa ninachotaka kukichambua kilitokea jiji hilihili, miaka kumi na minne kabla ya kifo hicho, na kwa maoni yangu jiji lenyewe limo katika orodha ya washukiwa. Jumatano tarehe 5 Juni 1963, viongozi watatu walitia saini hapa Nairobi azimio la kuunda nchi moja. Jomo Kenyatta alikuwa na siku nne tu kama waziri mkuu wa Kenya yenye madaraka ya ndani. Milton Obote alikuwa waziri mkuu wa Uganda iliyopata uhuru Oktoba iliyotangulia. Julius Nyerere alikuwa rais wa Tanganyika. Waliahidi kwamba kabla ya mwaka 1963 kwisha kungekuwa na Shirikisho la Afrika Mashariki, na kwamba Zanzibar ingealikwa mara itakapopata serikali ya kuchaguliwa. Ikaundwa kamati ya kuandika katiba.

Mwaka ukaisha na katiba haikuandikwa. Hadi leo haijaandikwa.

Sababu zinazotajwa kwenye mijadala ya vijiweni ni zilezile: viongozi walipenda vyeo, Nkrumah wa Ghana alitia fitina, mabeberu hawakutaka. Zote zina chembe ya ukweli. Lakini sababu ya vyeo haielezi kitu, maana hakuna mwanasiasa asiyependa cheo, na nchi zimeungana kwingineko duniani zikiongozwa na watu wapenda vyeo vilevile. La kujiuliza ni kwa nini hesabu ya kila mmoja ilimwonyesha kwamba akiungana atapoteza. Hapo ndipo Nairobi inapoingia.

Tuanze na kilichowafanya waamini kwamba miezi sita ingetosha. Mwaka 1963 nchi hizi zilikuwa zimeshikamana kuliko zilivyo leo. Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917, na Tanganyika ikaingia kikamilifu 1927. Shilingi ilikuwa moja. Reli ilikuwa moja, posta moja, shirika la ndege moja. Barua kutoka Bukoba kwenda Machakos ilibandikwa stempu yenye majina ya nchi zote tatu. Mwezi huohuo wa Juni kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa aliyeyaona hayo, shirikisho lilikuwa paa tu. Kuta zilikuwa zimeshasimama.

Ila kuta zilijengwa na Mwingereza kwa mahitaji yake, na funguo aliziweka Nairobi. Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1948 kuendesha huduma za pamoja, mwenyekiti wake alikuwa gavana wa Kenya kwa wadhifa wake. Makao makuu ya reli yalikuwa hapa. Ya ndege, hapa. Benki, makampuni ya bima na mawakala wa meli waliweka ofisi zao kuu hapa, kisha wakafungua matawi Kampala na Dar. Kuna kichekesho cha historia ndani yake, kwa kuwa Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli iliyoitwa Reli ya Uganda, na Naivasha na Kisumu zilihesabiwa kuwa Uganda hadi 1902. Mji uliozaliwa safarini kwenda kwa jirani ukaishia kuwa bosi wa jirani.

Sasa jiweke mahali pa Mganda wa mwaka 1963, hasa wa ufalme wa Buganda, umsikie Obote akirudi nyumbani na neno "shirikisho". Neno hilo hakulisikia mara ya kwanza. Tangu miaka ya 1920 walowezi wa Kenya walikuwa wakidai muungano wa makoloni haya, na kila mtu alijua mji mkuu ungekuwa wapi na ardhi ingeangaliwa kwa macho ya nani. Kisha Juni 1953, wakati Uingereza ikiziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland (leo Zambia, Zimbabwe na Malawi) chini ya wazungu wachache, waziri wa makoloni Oliver Lyttelton alidokeza katika hotuba London kwamba huenda Afrika Mashariki nayo ikafuata njia hiyo. Buganda iliwaka. Mgogoro uliofuata ndio uliomfikisha Kabaka Mutesa wa Pili uhamishoni Novemba mwaka huo, naye hakurudi hadi Oktoba 1955. Kwa mtu wa Mengo, makao ya Kabaka, basi, shirikisho lilikuwa lile jambo lililomwondoa mfalme wake nyumbani kwa karibu miaka miwili.

Obote alitawala kwa msaada wa watu haohao. Chama chake kilikuwa kimefunga ndoa ya siasa na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa Kabaka, na Oktoba 1963, miezi minne baada ya saini ya Nairobi, Mutesa akawa rais wa Uganda. Katiba ya uhuru ilikuwa imeipa Buganda hadhi ya pekee ndani ya Uganda. Uganda ikigeuka jimbo la nchi kubwa zaidi, Buganda ingekuwa jimbo ndani ya jimbo. Hata kama Obote alilitaka shirikisho kwa moyo wote, na sidhani alilitaka kwa moyo wote, kiti alichokalia kilikuwa na mguu mmoja uliochongwa Mengo.

Kwa hiyo kamati ilipokaa, wajumbe wa Uganda walidai kila nchi ibaki na mambo yake ya nje na kiti chake Umoja wa Mataifa, ibaki na haki ya kukopa nje, na uraia usiondolewe mikononi mwake. Wakenya wengi waliosimulia kisa hiki huyaita madai hayo hujuma. Mimi nayasoma kama bei. Muuzaji asiyetaka kuuza hutaja bei kubwa, ni kweli, lakini hata anayetaka kuuza hutaja bei, na mnunuzi mwenye haja humjibu kwa bei yake. Kenya iliweka nini mezani? Ingeliruhusu bunge la shirikisho likae Entebbe? Ingeligawa makao makuu ya reli na ndege? Ingelipunguza viwanda vyake? Baadhi ya hayo yalikuja kufanyika miaka minne baadaye, hamu ikiwa imeshakatika.

Hapa lazima niingie kwenye fedha, na msomaji asikimbie, kwa sababu ndiko kiini kilipo. Soko la pamoja lilikuwa limezinufaisha nchi zote, lakini viwanda vilirundikana Kenya, hasa Nairobi na eneo lake. Mtu wa Mwanza alinunua sabuni ya Nairobi kwa bei iliyopandishwa na ushuru uliowekwa kuzuia sabuni ya nje. Kiwanda kikalipa kodi Nairobi na kikaajiri watu wa Nairobi. Tume iliyoongozwa na Jeremy Raisman ililiona tatizo hilo, na katika ripoti yake ya 1961 ikapendekeza mfuko wa kugawana. Asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha, pamoja na asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa za ndani, viingie kapu moja. Nusu ya kapu iendeshe huduma za pamoja, nusu igawiwe nchi tatu kwa usawa. Kwa vile Kenya ndiyo iliyochangia kikubwa na kupokea sawa na wenzake, huo ulikuwa mkono wa pole kwa Uganda na Tanganyika.

Mfuko ulifanya kazi, lakini ulilipa fidia kwa aliyekosa kiwanda. Kiwanda chenyewe haukumletea. Fidia ya namna hiyo humtuliza mtu mwaka wa kwanza, na kuanzia wa pili humkumbusha kila Julai kwamba yeye ni wa kufidiwa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika soko hili mwenyeji alipona kila mwaka, na wageni wakaanza kuhesabu.

Na Kenya? Serikali ya KANU, chama cha Kenyatta, ilikuwa na haraka yake. Ikitazamwa kwa jicho kavu, azimio lilikuwa na faida moja ya papo kwa hapo: kama shirikisho lilipaswa kuzaliwa kabla ya Desemba kwisha, basi Kenya ilipaswa kuwa huru kabla ya hapo, na Uingereza haikuwa na sababu ya kuchelewesha. Tarehe 12 Desemba 1963 ikapatikana. Sisemi Kenyatta na waziri wake Tom Mboya walidanganya. Mboya alikuwa muumini wa umoja wa Afrika tangu ujana wake. Lakini jambo likishakupa ulichokitaka zaidi, bidii ya kulifuatilia hupungua bila mtu kuamua ipungue. Tena serikali hiyohiyo ilikuwa ndani ya vita na KADU, chama cha upinzani, juu ya katiba ya majimbo, ikitaka kurudisha Nairobi mamlaka yaliyokuwa yamegawiwa Nakuru, Mombasa na kwingineko. Novemba 1964 KADU ilijivunja, na Desemba Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu. Serikali iliyokuwa ikikusanya mamlaka kutoka chini kwa mkono mmoja ingewezaje kuyatoa kwenda juu kwa mkono wa pili?

Nyerere ndiye pekee ninayeweza kumwita mkweli katika jambo hili bila kuweka neno "lakini" mara moja. Mwaka 1960 alisema yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe iwapo kungoja kutazisaidia nchi hizi ziingie kwenye uhuru zikiwa kitu kimoja. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayewajua binadamu: kila nchi ikishakuwa na bendera yake, mabalozi wake na gari la waziri mkuu wake, kuviachia itakuwa kazi. Ilithibitika mbele ya macho yake. Obote wa Juni 1963 alikuwa ameonja dola kwa miezi minane tu, na tayari kiti cha Umoja wa Mataifa hakikuachika.

Yapo mambo mawili zaidi ya mwaka 1964 yanayostahili kutajwa. Januari wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya ndani ya wiki moja, na serikali zote tatu zikawaita askari wa Uingereza. Ungetegemea nchi zilizoahidi kuungana zikimbiliane. Kila mmoja alimkimbilia bwana wa zamani.

La pili ni Zanzibar, na ni zito zaidi kwa sababu ndilo jaribio la kulinganisha. Mapinduzi yalitokea 12 Januari 1964. Aprili 22, Nyerere na Abeid Karume walitia saini Hati za Muungano, na Aprili 26 nchi mbili zikawa moja. Haikuhitajika kamati ya kubishana miezi kumi. Kwa nini iliwezekana kule na si Nairobi? Karume alikuwa na hofu juu ya uhai wa serikali yake, na Nyerere alikuwa na hofu ya vita baridi mlangoni pake. Nairobi ya 1963 haikuwa na hofu ya kutosha. Ilikuwa na matumaini, na matumaini huvumilia kuahirishwa. Lakini tazama gharama. Mambo ya muungano yalianza yakiwa 11, leo orodha ya katiba ina 22, na msamiati wa siasa za Tanzania ukapata kifungu cha kudumu, "kero za Muungano". Bei ambayo haikujadiliwa mwaka 1964 inajadiliwa tangu hapo. Hata hivyo Muungano upo, umepita miaka sitini, na watoto wa Pemba wanafungua maduka Kariakoo bila kuulizwa kibali. Anayepinga shirikisho kwa kuonyesha kidole Zanzibar, na anayelitetea kwa kidole hichohicho, wote wana jambo la kuonyesha.

Baada ya shirikisho kushindikana walijaribu kutibu ugonjwa wa viwanda kando. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yaligawa baadhi ya viwanda vipya: Tanganyika ipate tairi, kuunganisha Land Rover na redio, Uganda ipate baiskeli na mbolea, Kenya ipate balbu za umeme. Kenya haikuyaridhia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha tairi Arusha na kingine Nairobi, umbali wa kilomita zisizofika 300, vikigombea soko ambalo kimoja kingelitosheleza.

Mkataba wa 1967 ulikuja na tiba nzuri kuliko zote zilizotangulia. Makao ya Jumuiya yakawekwa Arusha, bandari Dar es Salaam, posta Kampala. Reli na ndege zikabaki Nairobi. Nchi dhaifu kiviwanda iliruhusiwa kutoza kodi bidhaa za jirani ili viwanda vyake vichanga vipumue. Kama hayo yangekuwa mezani Juni 1963, labda leo ningekuwa naandika kisa kingine. Lakini kila nchi ilikuwa imeshaanzisha sarafu yake 1966, Obote aliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya 1970, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote huyohuyo. Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Kikao cha marais watatu hakikukaa tena. Mapema 1977 shirika la ndege lilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na Jumuiya ikafa katikati ya mwaka. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kugawana mali kulimalizika 1984.

Jumuiya ya sasa, iliyotokana na mkataba wa Arusha wa 30 Novemba 1999, imeandika shirikisho la kisiasa kama kituo cha mwisho, baada ya forodha, soko na sarafu. Hapahapa Nairobi, Agosti 2004, marais waliamua kuharakisha, na kamati ya Amos Wako, mwanasheria mkuu wa Kenya wakati huo, ikapendekeza shirikisho liwe limesimama ifikapo 2013. Wananchi walipoulizwa, Watanzania walio wengi waliikataa hiyo haraka. Mwaka 2017 lengo likashushwa kuwa muungano mlegevu wa dola, na 2023 wataalamu wa katiba wakapita Kenya kukusanya maoni. Wanachama sasa ni wanane, kutoka Mogadishu hadi Kinshasa. Sarafu ya pamoja iliyoahidiwa 2024 imesogezwa hadi 2031.

Ninachokiona nikilinganisha ni kwamba tumejifunza utaratibu na kusahau bei. Mwaka 1961 walau palikuwa na mfuko uliokiri kwamba Nairobi inafaidika kuliko wengine. Jumuiya mpya kwa miaka mingi ilidai mchango sawa, Burundi sawa na Kenya, kana kwamba soko linamgawia kila mtu kijiko kimoja. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu kuvu, malori yakakwama mpakani Namanga, na baada ya siku chache za kelele yakaruhusiwa kwa masharti. Julai 2025 Tanzania ikapiga marufuku wageni kufanya biashara ndogo kadhaa, zikiwemo saluni, uwakala wa pesa kwa simu na ukarabati wa simu. Nairobi ilichemka. Nilisoma hasira hizo na nikakubaliana na nyingi, maana amri ile inagonga roho ya soko la pamoja. Ila sikumsikia mtu akiuliza mwenye kioski wa Namanga upande wa pili anaogopa nini hasa, wala kama hofu hiyo ina umri wa miaka sitini.

Je, nchi hizi ziungane? Mimi ni mtu wa kuungana, na nimeandika haya kwa uchungu wa mtu wa kuungana. Lakini ningeliulizwa na wale wataalamu wa katiba waanzie wapi, ningewaambia wasianze na jina la nchi wala mji mkuu. Waanze na nchi inayofaidika zaidi, ambayo ni hii yetu, waiulize itatoa nini kwanza, kabla ya mwenzake kuombwa saini.

Mfano upo karibu. Itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika 2010, iliiacha ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Mganda aliyezaliwa Busia, mji wa mpakani, upande wa pili wa barabara anahesabiwa hapo sawasawa na mtu wa Oslo. Wizara inayotunza hati hizo iko Ardhi House, na kuifikia unashuka steji ya Community. Wale wenye bahasha za kaki niliowataja mwanzoni, wengi wao wanakwenda huko.